Pampu ya mabafu manne: kabla ya HP, hesabu lita na mita

Swali la msomaji wa Njiro, Arusha, kwa ufupi: "Mhandisi, habari za kazi. Nyumba yangu ni ya ghorofa moja na ina mabafu manne, mawili chini na mawili juu. Nina simtanki ya lita 5,000 chini, kando ya jiko, na nyingine ya lita 1,000 juu ya dari, ambayo inajazwa na pampu ndogo. Mabafu ya juu yanatumia hita ya jua ya mirija ya vioo, ya chini yana shawa za umeme. Tuko watu saba. Asubuhi walio juu wanapata maji ya kudondoka tu, na mtu wa chini akifungua koki, ya juu yanakatika kabisa. Fundi anataka ninunue pampu ya HP 2. Muuzaji wa duka anasema ya nusu HP inatosha kwa sababu inapandisha maji mita 40. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, nakuomba usinunue hata moja kati ya hizo mbili kwa sasa. HP ni kipimo cha nguvu ya mota tu. Kwa nyumba uliyoieleza, mabafu ya chini hayahitaji pampu kabisa. Yanahitaji bomba lake lenyewe. Mabafu ya juu ndiyo yanayohitaji kusaidiwa, na kwa kuwa yanachanganya maji ya baridi na ya hita ya jua, yanahitaji pampu mbili ndogo zinazolingana, moja upande wa baridi na nyingine upande wa moto. Ukitaka pampu moja kwa nyumba nzima inawezekana pia, lakini lazima uibadilishe hita hiyo kwanza, na nitaeleza kwa nini nasema "lazima".

Tuanze na kile kinachotokea sasa. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi hayana nguvu nyingine isipokuwa kimo chake: kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1 ya presha, wala ukubwa wa tangi hauongezi chochote. Simtanki ya lita 1,000 na ya lita 10,000 zikikaa mahali pamoja na kujaa kwa kimo kimoja, zinatoa presha ileile. Katika nyumba za ghorofa moja zinazojengwa kwetu, sakafu ya juu huwa kama mita 3 hivi juu ya ile ya chini, na kichwa cha shawa hufungwa kama mita 2 kutoka sakafuni. Tangi lililokaa juu kidogo ya dari, kama lako, kitako chake huwa mita 2 tu, au zaidi kidogo, juu ya shawa za ghorofani, na kama mita 5 juu ya shawa za chini. Kwa hiyo wa juu wana robo ya bar moja, hata chini ya hapo, na wa chini wana nusu ya bar. Shawa ya kawaida ya kuchanganya maji huanza kuridhisha inapopata kimo cha mita 7 au 8, na mita 10 ni presha nzuri kwa mtu yeyote. Kudondoka unakokuona hakutokani na ubovu wa tangi wala wa shawa. Ndivyo kimo kinavyoruhusu.

Kukatika kabisa mtu wa chini anapofungua ni jambo jingine, na hapa bomba ndilo lenye makosa. Nina hakika ya kutosha kwamba kutoka kwenye simtanki yako limeshuka bomba moja, likagawanywa juu, kisha likaendelea chini. Maji yanapopita kwenye bomba yanasuguana na kuta zake, na msuguano huo unakula kimo. Bomba la PPR, yaani la plastiki ngumu inayounganishwa kwa moto, la milimita 20, ambalo mafundi huliita la nusu inchi, kwa ndani lina kama milimita 13 tu, kwa sababu ukuta wake ni mnene. Ukipitisha lita 20 kwa dakika humo, unapoteza takriban nusu mita ya presha kwa kila mita ya bomba. Sasa fikiria asubuhi: chini shawa iko wazi, choo kinajaza maji na koki ya jikoni inatiririka. Mita 4 tu za bomba la pamoja zimeshamaliza zile mita 2 ulizokuwa nazo juu, na mtu wa ghorofani anabaki na sabuni mwilini. Hata kabla ya kufikiria pampu, shusha bomba la pili kutoka kwenye tangi, la inchi moja, kwa ajili ya ghorofa ya chini peke yake. Toboeni simtanki upya kwa ajili hiyo. Msiliunganishe na lile la zamani kwenye shingo yake, kwa maana mtakuwa mmerudi palepale.

Bomba hilo likishapatikana, shawa za umeme za chini zitakuwa na mita 5 za kimo chao peke yao. Shawa hizo za kichwa cha plastiki, zinazopasha maji yakiwa yanapita, zilibuniwa kwa nyumba zenye tangi juu ya paa, na nyingi huanza kufanya kazi kwa kimo cha mita 1 tu. Tena si rafiki wa presha kubwa. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 4 kwa dakika inaongeza joto la maji kwa digrii 20 hivi. Ukiisukumia lita 8 kwa dakika, joto linaloongezeka linashuka hadi digrii 10. Kwa maji ya simtanki ya Arusha mwezi wa Juni, tuseme yana digrii 17 alfajiri, tofauti yake ni kuoga kwa maji ya digrii 37 au kwa maji ya digrii 27. Nimeitwa mara nyingi kwenye nyumba ambazo watu wamefunga pampu, kisha wakalalamika kwamba hita zimeharibika, na kumbe hita ni nzima. Maji yanapita upesi mno kuliko zinavyoweza kuyapasha. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kukushauri uyaache mabafu ya chini bila pampu.

Ipo pia hesabu ya umeme, ambayo ni vizuri uijue kwa sababu inaweza kuweka kikomo cha watu wanaooga pamoja kabla maji hayajaweka chake. Shawa moja ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 25. Mbili zikiwaka pamoja ni 50. Ikiwa mita yako ya umeme ni ya njia moja yenye kikomo cha ampea 60, hapo birika la umeme na pasi havina nafasi tena. Kila shawa iwe na waya wake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye boksi la umeme, breka yake, na ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini) iliyopimwa kwa kifaa, si ya kubuni. Ukifikiria siku moja kuweka shawa kama hizo na juu pia, jibu langu ni hapana mpaka uongeze njia za umeme.

Sasa twende ghorofani. Hita ya jua ya mirija ya vioo, ile ambayo tangi lake limelala juu ya paa na mirija inashuka kama meno ya kitana, kwa kawaida katika soko letu ni ya aina isiyohimili presha. Tangi lake lina tundu la kupumulia, na bati lake la ndani ni jembamba, limeumbwa kubeba maji, si kusukumwa. Ukiunganisha pampu ya nyumba nzima kwenye mfumo huo, mojawapo ya mambo mawili litatokea. Presha ikifika kwenye tangi la hita, maji yatamwagika kwenye tundu usiku kucha au mshono utaachia. Na kama fundi ataiacha hita ipokee maji ya tangi la juu kwa kimo, huku upande wa baridi tu ndio unaosukumwa na pampu, basi kwenye koki ya kuchanganyia baridi yenye presha ya mita 25 itakutana na moto wenye presha ya mita 2. Baridi itaushinda moto, itaingia kwenye bomba lake na kupanda hadi ndani ya hita, na wewe utaoga maji baridi huku jua limefanya kazi yake mchana kutwa. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwahi kukubali kufunga pampu kubwa katika nyumba ya namna hii huko Moshi kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na haraka. Mshono wa hita uliachia katika wiki ya kwanza na dari ya gipsamu ikaanguka kitandani mwa mtoto, ambaye kwa rehema ya Mungu alikuwa shuleni. Tangu siku hiyo sifungi pampu kabla ya kupanda paani na kuiona hita kwa macho yangu.

Kwa hiyo njia ninayoipendekeza kwako ni hii. Fungeni pampu mbili ndogo za kuongeza presha, zile za wati 100 hivi zinazofungwa katikati ya bomba lenyewe na kuwaka zenyewe maji yanapoanza kutembea. Moja iwe kwenye bomba la baridi linaloshuka kutoka simtanki kwenda mabafu mawili ya juu, nyingine kwenye bomba la moto linalotoka kwenye hita. Ziwe za aina moja na nguvu moja, ili presha za pande mbili zikutane sawa kwenye koki. Ile ya upande wa moto iwe imeandikwa kwamba inahimili maji ya moto sana, ikiwezekana hadi digrii 100, kwa sababu hita ya mirija siku ya jua kali inaweza kuvuka digrii 80, na pampu ya maji baridi iliyofungwa hapo huharibika sili mapema. Zifungwe chini kabisa ya vitako vya matangi yake ili maji yaingie yenyewe kwa uzito wake. Maji ya moto hayapendi kunyonywa, yanageuka mvuke ndani ya pampu, na pampu ikimeza mvuke inazunguka bure.

Hesabu yake ni rahisi. Shawa mbili za juu zikiwa wazi pamoja kwa lita 8 kila moja ni lita 16 kwa dakika, na kwa kuwa maji yanachanganywa, kila pampu inabeba takriban nusu ya hizo. Kwa lita 8 kwa dakika, pampu ndogo nzuri ya aina hiyo inaongeza kama mita 7. Jumlisha mita 2 za kimo ulizo nazo, toa mita moja ya msuguano, unabaki na mita 8 kwenye kichwa cha shawa. Hapo mtu anaoga vizuri. Angalizo moja: pampu hizi zinawashwa na mwendo wa maji, kwa kawaida lita moja na nusu hadi mbili kwa dakika, kwa hiyo shawa iliyoziba chumvi inaweza kushindwa kuiamsha pampu. Safisheni vichwa kwanza. Na msinunue vile vichwa vipana vya mfano wa mvua. Vinakunywa lita 12, 15 na zaidi kwa dakika, na hesabu yote niliyokuandikia itavunjika.

Umeme ukikatika, mfumo huu unarudi hapo ulipo leo, yaani maji yanashuka kwa kimo kupitia ndani ya pampu zilizozimika, kwa unyonge lakini yanashuka. Kwetu hilo si jambo dogo.

Naelewa hata hivyo kwamba huenda unaitaka pampu moja kwa nyumba nzima, labda kwa sababu ya mashine ya kufulia, bustani, au kwa sababu hita yako imezeeka na unapanga kuibadilisha. Basi nunua kwanza hita ya jua inayohimili presha, iandikwe hivyo kwenye lebo, na iwe na valvu yake ya usalama, ndipo tuzungumze pampu. Hapa ndipo nataka kukufundisha kusoma lebo, kwa sababu fundi na muuzaji wote wawili wamekupa namba moja moja, na pampu haichaguliwi kwa namba moja.

Pampu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inatoa lita kadhaa kwa dakika na inazipandisha mita kadhaa. Kadiri lita zinavyoongezeka ndivyo mita zinavyopungua. Kwenye ubavu wa pampu utaona mstari wa Q, ambao ni lita kwa dakika, na chini yake mstari wa H, ambao ni mita. Zile mita 40 za muuzaji ni kweli, ila ni mita 40 pale ambapo hakuna maji yanayotoka. Pampu ndogo za nusu HP zenye gurudumu la meno madogo pembeni, zilizojaa katika maduka yetu, zinaanguka upesi sana: kwa lita 20 kwa dakika zinabaki na kama mita 24, kwa lita 30 zinabaki na kama mita 15, na kwa lita 40, ambayo ni namba nyingine wanayopenda kuitangaza, zinabaki na mita 5. Mtu anayesoma "lita 40, mita 40" anadhani anapata vyote pamoja, lakini hakuna dakika hata moja ambayo pampu hiyo itampa vyote viwili.

Mahitaji ya nyumba yako yangekuwa hivi. Shawa mbili za juu lita 10 kila moja, za chini lita 5 kila moja zikiwa na kipunguza presha chake, jumla lita 30 kwa dakika; ongeza lita 5 za choo kinachojaza, 35. Upande wa mita: kutoka pampu iliyo chini hadi shawa ya juu ni mita 5 na nusu, unataka mita 10 zibaki kwenye shawa, na msuguano wa mabomba na viungio, ukitumia bomba kuu la inchi moja, ni kama mita 5. Jumla mita 20 na nusu, tuseme 25 ili pawe na nafasi. Kwa hiyo unakwenda dukani ukitafuta pampu ambayo kwenye lebo, chini ya lita 35, pameandikwa mita 25 au zaidi kidogo. Ya nusu HP niliyoieleza haifiki. Ya HP 1 yenye gurudumu pana la kawaida inafika kwa raha. Nyingi hutoa mita 30 na ushee kwa lita hizo na hazianguki ghafla mtu wa tatu anapofungua. Zile zenye magurudumu kadhaa yaliyopangana ndani ya mwili mmoja ni bora zaidi, hazipigi kelele na zinakula umeme kidogo kwa kazi ileile, ingawa bei yake iko juu. Kama pesa inaruhusu na chumba cha kulala kiko karibu na mahali pa pampu, chukua hiyo.

HP 2 ni ya nini basi? Fundi wako hakudanganya kwamba itafanya kazi. Ngoja nikuonyeshe anachokiona. Lita 30 kwa dakika katika mita 25 za bomba la nusu inchi zinapoteza kama mita 27. Katika bomba la robo tatu, mita 9. Katika bomba la inchi moja, chini ya mita 3. Kama nyumba yako imepigwa nusu inchi kila mahali, pampu ya HP 1 itachoka njiani, na HP 2 itapita kwa ubabe. Lakini utalipia ubabe huo kwenye Luku kila siku ya maisha yako, kwa ajili ya kupambana na ukuta wa plastiki, ilhali kazi halisi ya kupandisha lita 35 kwa dakika hadi mita 25 haizidi wati 150 za maji yenyewe. Tena pampu za HP 2 nyingi, koki zote zikifungwa, zinajenga presha ya mita 50 na kuendelea. Shawa za umeme zinazouzwa kwetu mara nyingi zina kikomo cha mita 40. Mipira ya kunyumbulika iliyo chini ya masinki, valvu za vyoo na viungio vya zamani vyote vitaanza kudai haki yao, kwa kawaida usiku, nyumba ikiwa imelala. Kubadilisha mita 25 za bomba kuu kuwa la inchi moja ni kazi ya siku chache na vumbi lake, nakiri, lakini inafanyika mara moja. Matawi ya kuingia kila bafu yanaweza kubaki nusu inchi, kwa sababu yanabeba shawa moja moja na ni mafupi.

Kuhusu kifaa cha kuwasha na kuzima pampu, unaweza kutumia kile cha kielektroniki kinachofungwa juu ya pampu, au swichi ya presha pamoja na tangi dogo la presha la lita 24. Cha kielektroniki kina faida kubwa ya kuizima pampu maji yanapoisha tangini, na kukauka ndiko kunakoua pampu nyingi kuliko uzee. Vingi vyake huwasha pampu presha inaposhuka hadi bar 1.5, kwa hiyo koki ya juu kabisa isizidi mita 15 juu yake, nawe uko ndani ya mpaka huo kwa mbali. Kasoro yake ni kwamba koki moja inayovuja tone kwa tone inaiwasha na kuizima pampu usiku kucha. Ukiongeza lile tangi dogo la lita 24 baada yake, tatizo hilo linapungua sana. Mie hufunga vyote viwili. Upepo wa tangi hilo upimwe kwa geji ya tairi likiwa halina maji, na uwe chini kidogo ya presha ya kuwasha pampu. Kama ni bar 1.5, weka 1.3. Mafundi wengi hawaugusi kabisa, na baada ya mwaka tangi linakuwa pambo.

Simtanki ya juu usiitoe. Acha ibaki imejaa, iunganishwe na mfumo kupitia valvu ya kuzuia maji kurudi, ili pampu ikisukuma maji yasipande tena tangini, na umeme ukikatika kimo kishike zamu bila mtu kugusa kitu.

Pampu ikae chini kando ya simtanki ya lita 5,000, karibu iwezekanavyo, usawa wake uwe chini ya kitako cha tangi, juu ya sakafu ya zege na mpira mnene, chini ya kibanda chenye hewa. Bomba la kuingilia lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Weka chujio kabla yake, hasa kama unaletewa maji ya boza, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye pampu ndogo zenye nafasi finyu ndani unazimaliza kwa miezi. Weka yunioni (kiungio kinachofunguka) na valvu pande zote mbili ili siku ya matengenezo fundi asikate bomba. Na kama siku moja utachimba tangi la chini ya ardhi, kumbuka kwamba Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, ambako uzito wa hewa unaosaidia pampu kunyonya umepungua. Pampu iliyoandikwa kwamba inanyonya kutoka mita 7 itapoteza kiasi cha mita moja na nusu hapo kwenu. Kina cha mita 4 kwangu ndiyo mwisho wa kuamini.

Kamwe usikubali pampu ifungwe moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji ili ivute. Mamlaka zinakataza, na sababu yake ni ya afya kabla ya kuwa ya sheria: bomba la mtaa likinyonywa kwa nguvu, kila ufa wake ulio ardhini unageuka mdomo wa kuingiza maji machafu, na wa kwanza kuyanywa ni nyumba yako na ya jirani.

Umeme wa pampu uwe na breka yake, ethi, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Ongeza kilinda umeme kinachoizima pampu volti zinapoporomoka, kwa sababu mota inayolazimishwa kuanza kwa volti 170 au 180 inavuta mkondo mkubwa, inachemka, na kapasita yake au koili zake zinaungua.

Njia yoyote utakayochagua, kabla ya kumlipa fundi chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Fungua shawa zote nne kwa pamoja, mtu akivuta maji chooni wakati huohuo, halafu upande juu ukinge maji ya shawa iliyo mbali zaidi na tangi. Ndoo ikijaa ndani ya sekunde 75, una lita 8 kwa dakika na kazi imekamilika. Ikichukua dakika mbili, msikimbilie kuilaumu pampu; fungueni kwanza ile valvu ndogo iliyo ukutani mwa bafu hilo na mtoe kichwa cha shawa mkiangalie, kwa sababu mabaki ya plastiki yanayotokana na kuunganisha PPR kwa moto hupenda kukwama hapo, na mara nyingi yanaziba nusu ya njia siku ileile bomba jipya linapofunguliwa.